Kunyimwa Mkono

Wiki iliyopita nilisimama mlangoni kwa watu nikingoja kufunguliwa, mvua ikininyeshea, na chini ya viatu vyangu palikuwa na mkeka wa kufutia miguu, ule unaotengenezwa kwa nyuzi za makumbi ya nazi. Ulikuwa umelowa chapachapa na harufu yake ikapanda. Ni harufu ya tope la chumvi lililokaa sana, na mtu mwingine angesema tu kwamba panahitaji kupigwa deki. Mimi nilikunja ngumi. Mwanamke mzima, nimevaa koti zuri, nimebeba keki, nimekunja ngumi mlangoni kwa watu walionialika chai, kabla hata sijakumbuka nina kisasi na nani.

Niseme mapema kwamba mimi ni mtu wa kisasi. Sijivunii, lakini pia sijifichi. Wako watoto waliorithi pua au sauti. Mimi nilirithi kutosahau, na niliyemrithi ni bibi yangu mzaa baba. Alizaliwa katika kijiji kimoja cha pwani ya Malabar, kusini mwa India, akaolewa Mombasa akiwa msichana, kisha akaja kuzeekea Tottenham, kaskazini mwa London, ghorofa ya nne kwenye nyumba za kaunsili, zile za kupangishwa na serikali ya mtaa, zenye lifti inayonuka mkojo. Kiswahili alifundishwa na wanawake wa Mji wa Kale, na alikisema kwa ukali kuwashinda wao.

Tulikuwa wanne humo ndani: Baba, dereva wa basi, Mama, mzaliwa wa Mombasa, Bibi, na mimi, mtoto wa pekee, umri wa miaka tisa. Nyinyi mliokulia mji huu wakati wangu mnakumbuka jinsi alasiri zilivyokuwa ndefu kabla ya kompyuta kuingia majumbani, televisheni ina chaneli nne na zote zinaonyesha watu wakilima bustani. Mimi nilikuwa na kijiji cha Bibi. Kila nikirudi shule alinikalisha chini katikati ya magoti yake, akanipaka mafuta kichwani, na huku akinivuta nywele akanipeleka kwao.

Kijiji chenyewe kilikuwa kipande chembamba cha mchanga, bahari upande mmoja na ziwa la maji ya chumvi upande wa pili, chembamba hivi kwamba ukisimama uani unaweza kurusha kifuu upande wowote kikaangukia majini. Msikiti, kanisa na hekalu vilisikiana. Asubuhi watu walikunywa uji wa mchele kwa kijiko cha jani la mfenesi, na baada ya uji yalianza magongo. Wanawake walikaa mistari mistari chini ya minazi, kila mmoja na gongo lake, wakiponda makumbi yaliyooza mpaka yatoe usumba, yaani zile nyuzi, na mlio wake ulifika mpaka kijiji cha pili. Bibi alikuwa akinipigia mlio ule kwa kitana kwenye ukingo wa kiti. Tap, tap, tap. Nilikuwa nikiusikia hata shuleni.

Makumbi hayapondwi hivi hivi. Kwanza hufukiwa ziwani, yakafunikwa kwa makuti na tope, yakagandamizwa kwa mawe, yakaachwa miezi. Kila mwanamke alikuwa na shimo lake, na juu ya shimo kijiti chenye kitambaa cha nguo yake. Na katika ukoo wa Bibi kulikuwa na desturi moja zaidi. Siku mkazamwana, mke wa mtoto, anapojulikana ana mimba, mavyaa wake, yaani mama mkwe, huenda kufukia makumbi mapya. Mtoto akizaliwa, yanafukuliwa, yanapondwa, na kamba inayosokotwa ndiyo inayotundikia susu ya nguo anayolazwa mtoto. Baba yangu alilazwa hivyo, kule Mombasa. Nami pia nililazwa hivyo, kule kule, kabla hatujahamia London.

Nilichokipenda zaidi, lakini, ni adhabu. Hakuna aliyethubutu kugusa shimo la mwenzake. Aliyegusa alinyimwa mkono. Maana kamba haisokotwi na mtu mmoja: huyu anazungusha gurudumu, yule amechomeka usumba kiunoni na anarudi nyuma hatua kwa hatua akiulisha uzi. Mwanamke asiye na wa kumzungushia gurudumu alikuwa amekwisha. Na haikuishia hapo. Hakupewa mkono wa salamu. Hakupokewa kitu kutoka mkononi mwake. Akishusha mzigo, hakuna aliyeshika upande wa pili.

"Mpaka lini?" nilimuuliza Bibi.

"Mpaka azeeke."

"Na ikijulikana kwamba si yeye?"

Bibi alinivuta shungi. "Basi yule alosingiziwa hupewa gurudumu. Humzungushia yule alomnyima, akamwacha arudi nyuma mpaka mwisho wa uwanja, kisha akaiachia kamba. Kamba yote ikawa mafundo, kazi ya siku nzima imepotea, na watu wote wanatazama. Hapo huwa wamelipana."

Sehemu hiyo haikunipendeza. Nilitaka hadithi iishie kwenye adhabu.

Mama aliposhika mimba, Bibi hakungoja kuombwa. Mama alikuwa ameshapoteza mimba mbili, na Bibi alikuwa na hakika kwamba sababu ni makumbi ambayo hayakufukiwa, kwa kuwa London haina ziwa la chumvi. Safari hii alisema litapatikana. Kwanza alinishika mkono tukaenda mpaka Mto Lea, nyuma ya maghala, akachota maji kwa kiganja, akayaonja mbele ya mtu aliyekuwa akivua samaki, akatema. "Haya si maji, ni supu ya vyuma." Jumapili iliyofuata Baba akatupeleka Southend, mji wa pwani, wakati maji yametoka, tukashuka na ndoo, Bibi katika buibui lake na viatu vya mpira, tukabeba tope la bahari na maji yake mpaka nyumbani, tukiyamwaga ndani ya gari kila penye kona. Makumbi tulipewa na Mjamaika aliyekuwa akiuza madafu sokoni. Baba akanunua pipa la plastiki la buluu, akalisimamisha kwenye baraza, na juu yake Bibi akafunga kipande cha gauni lake. Kisha Baba akatoboa dari ya sebule, akatia ndoano ya susu. Kaunsili hawakuulizwa. Mwisho akaunda gurudumu kwa tairi la baiskeli. Mimi nililizungusha kila siku bila uzi, nikijizoeza.

Baada ya miezi mitatu pipa lilianza kusema. Lilitoa mapovu, na harufu ikaingia kwenye mapazia, kwenye mkate, kwenye sare yangu ya shule. Jirani wa chini aliandika barua. Mama alilala na taulo puani na hakusema neno, kwani mkazamwana hasemi mbele ya mavyaa wake. Aliyesema ni Shangazi.

Shangazi alikuwa dada yake Baba, binti wa pekee wa Bibi, hakujaliwa mtoto, na alikaa Rayners Lane, magharibi mwa London, katika nyumba yenye bustani na vitasa vya dhahabu bandia. Alipokuwa msichana Bibi alimpeleka kijijini akakaa miaka miwili, kwa hiyo kila alichokijua Bibi, yeye alikijua. Lakini alikuja kila Jumamosi na glavu zake za kuoshea vyombo, akafungua madirisha yote.

"Mama, hii ni flat, si kijiji. Health and Safety wakija watakwambia nini?"

"Watakunywa chai," Bibi akajibu.

"Wifi hata kula hali. Mtazame!"

"Miezi mitatu imebaki. Nawe usiguse."

Jumamosi moja Baba alimpeleka Bibi kupimwa macho, nami nilikuwa chuoni, kusoma Kurani. Niliporudi nikamwona Shangazi chini, kwenye maegesho, buti ya gari lake iko wazi. Alikuwa akipakia mifuko myeusi ya taka. Ilikuwa ikichuruzika maji meusi na ile harufu ilinifikia kabla ya sauti yake. Alinitazama kama mtu aliyefumaniwa.

"Nenda juu ukakae na mamako," alisema. "Usimsumbue."

Nilipanda ngazi mbio. Baraza lilikuwa limeoshwa, jeupe. Pipa tupu lilikuwa limepinduliwa, na kile kitambaa cha gauni la Bibi kiko kwenye sinki. Mama alilala akiuelekea ukuta, na hakugeuka nilipomwita.

Mimi ndiye niliyesema. Bibi aliporudi na matone machoni, akasimama barazani akipapasa mahali pipa lilipokuwa, nilimweleza yote: mifuko, maji meusi, gari. Nilijiona shahidi, na nilijiona mkubwa. Shangazi akarudi kabla ya magharibi na sufuria ya supu kwa ajili ya Mama, na Bibi akamngojea ukumbini.

"Ni weye?"

Shangazi alitazama mlango wa chumba cha Mama. Uliachwa wazi kidogo. Akaiweka sufuria chini.

"Ni mimi, Mama. Harufu ilizidi."

Kesho yake asubuhi Mama alichukuliwa na gari la wagonjwa. Ndugu yangu alizaliwa mdogo kama kiatu, akaishi siku mbili, na Baba akambeba mwenyewe mpaka makaburini. Mimi hesabu yangu ilikuwa rahisi. Makumbi yametolewa kabla ya wakati wake, na mtoto ametoka kabla ya wakati wake. Shangazi amemuua ndugu yangu. Hakuna aliyenifundisha hivyo na hakuna aliyenikataza, na Bibi, kila nilipomtazama, alikuwa akinitazama kwa macho ya mtu anayekubali.

Bibi alimnyima mkono binti yake siku ya matanga. Shangazi aliinama kumbusu mkono, na Bibi akautia mkono wake ndani ya buibui. Wanawake wengine walidhani ni majonzi. Mimi nilijua ni nini, na moyo wangu uliruka kwa furaha, Mungu anisamehe. Nami nikaanza.

Mtoto ana nafasi nyingi za kulipiza kisasi kuliko mnavyofikiri, na hakuna anayemshuku. Sikumwamkia Shangazi kwa mkono. Akinipa zawadi ya Idi nilingoja aiweke mezani, kisha nikaiacha pale pale. Mwaka ule ule tulilala kwake wikiendi moja, akaanua mashuka bustanini, akaniita: "Hebu nishikie ncha hiyo, tukunje." Nilitia mikono nyuma. Alisimama na ncha zake mbili, upepo ukilivuta lile shuka, akanitazama usoni, kisha akaitazama mikono yangu, na nikaona kwamba ameelewa. Hakunigombeza. Alilikunja peke yake, amelibana kwa kidevu. Nililala usingizi mtamu sana siku hiyo.

Nilikua nacho kisasi hicho. Nilipokuwa na miaka kumi na mitano alitaka kunifunga hina, nikasema ngozi yangu haipendi hina. Mumewe alipofariki nilikwenda nyumba ya msiba pamoja na wengine, nikaosha vikombe jikoni tangu asubuhi mpaka alasiri, nikaondoka bila kuingia chumba alichokaa eda. Nilimpita mlangoni. Mkono wake ulikuwa juu ya goti, umegeuzwa kiganja juu, kama umesahauliwa pale. Nikajiambia, ndugu yangu naye alikuwa na mikono.

Bibi alikufa akiwa bado ameshikilia. Siku zake za mwisho hospitalini Shangazi alikuja kila siku, akamlisha uji kwa kijiko kirefu, maana kijiko Bibi alikikubali. Alipojaribu kumshika vidole, vidole vilijikunja. Nilikuwapo. Nilimheshimu Bibi kwa jambo lile zaidi ya sala zake zote.

Miaka ikapita, nikaolewa, nikashika mimba. Nilikwenda Tottenham kumwambia Mama, nikamkuta sebuleni chini ya ile ndoano, ambayo siku hizo ilikuwa ikibeba kikapu cha vitunguu. Akalia, akacheka, akanipikia. Kisha nikamwambia nimeshaulizia pipa, na Baba amekubali kutupeleka Southend.

Mama akaacha kutafuna.

"Usiloweke kitu, mwanangu."

"Bibi angetaka."

"Ni mimi nilomwaga." Aliiambia sahani, si mimi. "Nyinyi mmetoka, harufu imenikaba, nikaona nikifa nife. Nikaliburura lile pipa mwenyewe. Tumbo likanishika pale pale. Wifi alinikuta sakafuni, nimejaa tope mpaka shingoni. Akanivua, akaniosha, akanilaza. Akanambia, nyamaza, hii niachie mimi."

"Kwa nini hukusema?"

"Niseme kwa nani? Kwa mavyaa wangu, kwamba nimemuua mjukuu wake kwa mikono yangu? Daktari alisema pipa halina lawama. Daktari hakuwa akikaa na mavyaa." Alijifuta kwa mtandio. "Wifi alisema mama hawezi kumwacha bintiye. Utapita mwezi, yatakwisha. Hakumjua mamake."

"Na mimi je? Uliniona miaka yote."

"Nilikuona," alisema Mama. "Kila ulipotia mikono nyuma nilikuona."

Nilitafuta kumchukia, sikuweza. Kisasi changu chote, nilichokilea tangu miaka tisa, kilikuwa kimefikishwa kwa mtu asiye wake, na mwenyewe amekaa mbele yangu amevimba miguu, anaogopa jibu langu. Nilikula chakula chote alichonipakulia. Nilikuwa na hasira na sikuwa na pa kuipeleka.

Ilinichukua miezi kwenda Rayners Lane. Nilipogonga kengele tumbo lilikuwa limeshatangulia mbele. Shangazi alifungua, amepungua, nywele nyeupe, glavu za vyombo mkononi. Nikainama kumshika mkono nimbusu. Akaitia mikono yake nyuma.

Nilimweleza pale pale kizingitini, kwamba Mama amesema, kwamba najua. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akageuka, akaenda kwenye banda la bustani, akarudi na lile gurudumu la baiskeli alilounda Baba.

"Lilitupwa kando ya mapipa ya taka," alisema. "Nililiokota."

Akarudi tena bandani, safari hii akaja na gunia. Ndani mlikuwa na usumba, safi, wa rangi ya dhahabu iliyofifia. Nilijua ni upi kabla hajasema.

"Makumbi hayakuwa na kosa. Niliyafukia hapo bustanini kwa tope lake lile lile, ile miezi mitatu ilobaki. Nikayaponda mwenyewe. Nilidhani labda wifi atashika mimba tena."

Aliliweka gurudumu juu ya kiti jikoni na kunionyesha kwa maneno tu, bila kunigusa, jinsi ya kuuchomeka usumba kiunoni, juu ya tumbo, na kuutoa kidogo kidogo kwa vidole. Akafunga uzi kwenye ndoano ya gurudumu. Akaanza kuzungusha. "Rudi nyuma," akasema. Nikarudi nyuma, hatua kwa hatua, kutoka jikoni, nikipita ngazi, nikipita picha ya mumewe, na kamba ikawa inazaliwa mikononi mwangu, nyembamba, inakwaruza, inanukia kijiji nisichowahi kukiona. Mtoto aligeuka tumboni. Nilitaka kulia kwa jinsi ilivyokuwa nzuri. Kisigino changu kikagusa mkeka wa mlangoni, nikawa nimefika mwisho wa nyumba.

Shangazi akasimamisha gurudumu. Akanitazama kutoka kule jikoni, na hapo ndipo ile sehemu ya hadithi isiyonipendeza iliponirudia.

Aliitoa kamba kwenye ndoano, akaiachia. Ilijikunja, ikaruka, ikakimbia ukumbi mzima ikijifunga mafundo, ikaja kuanguka miguuni mwangu kama kitu kilichochinjwa. Nilisikia friji yake ikinguruma.

"Hiyo ilikuwa ya Mama, bibi yako," alisema Shangazi, na kwa mara ya kwanza sauti yake ikakatika. Akajipangusa pua kwa glavu, akavuta kiti, akakaa sawasawa mbele ya gurudumu. "Haya, njoo. Bado yako."

Nikaenda. Nikachomeka usumba kiunoni, nikampa ncha ya uzi, akaipokea kutoka mkononi mwangu. Gurudumu likaanza kuzunguka, nami nikaanza kurudi nyuma, nikijua kabisa kwamba na hii ataiachia.